Milipuko ya Jua na Dhoruba za Sumaku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Jua likichafuka, maswali huja kwa mafungu, na mengi ni yale yale. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa kirefu, kwa sababu jibu la mkato ndilo linalozaa uvumi. Kwa miaka mingi nimekuwa nikifungua grafu za jua kila asubuhi, na kuna jambo moja ambalo ningependa msomaji alishike tangu mwanzo: jua likilipuka tunaliona mara moja, lakini kile kinachoamua kama dhoruba itakuwa kali au hafifu hatukijui mpaka ibaki saa moja, pengine chini ya hapo.

Mlipuko wa jua ni nini hasa?

Jua ni mpira wa gesi yenye joto kali kiasi kwamba atomi zake zimevuliwa elektroni. Gesi ya namna hiyo huitwa plazma, nayo hupitisha umeme. Penye mkondo wa umeme pana sumaku, na sumaku ya jua haitulii, kwa kuwa jua halizunguki lote kwa mwendo mmoja: kiunoni humaliza mzunguko kwa siku 25 hivi, karibu na ncha huchukua zaidi ya 30. Kwa hiyo mistari ya sumaku husokotwa kama kamba mikononi mwa watu wawili. Pale inapochomoza juu ya uso wa jua huzuia joto la ndani lisipande, sehemu hiyo hupoa kuliko jirani zake na huonekana nyeusi. Hayo ndiyo madoa ya jua.

Kamba ikisokotwa kupita kiasi hukatika. Mistari ya sumaku nayo hukatika na kuungana upya kwa mpangilio mwingine, na nishati iliyokuwa imebanwa humwagika kwa dakika chache. Plazma ya mahali hapo hufikia nyuzi joto milioni 10 hadi 20 na kutoa mawimbi ya kila aina, kuanzia redio hadi eksirei. Mmweko huo ndio tunaouita mlipuko wa jua.

Kwa hiyo mlipuko wa jua na dhoruba ya sumaku ni kitu kimoja?

Hapana, na kuvichanganya ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi ya mengine yote. Jua likilipuka linaweza kututumia vitu vitatu, na kila kimoja kina mwendo wake.

Wa kwanza kufika ni mwanga. Husafiri kwa dakika 8 na sekunde 20, na hakuna onyo linaloweza kuutangulia, maana habari ya mlipuko inakuja pamoja na mwanga huo huo. Eksirei zake hulipiga tabaka la chini la ayonosfea, yaani sehemu ya anga la juu yenye chaji za umeme inayorudisha mawimbi ya redio ardhini, upande wa dunia wenye mchana, na redio ya masafa mafupi hufifia au kunyamaza kabisa, dakika chache au hata zaidi ya saa nzima. Nimewahi kulisikia kwa masikio yangu. Ilikuwa adhuhuri, nasikiliza kituo cha mbali, sauti iko wazi. Ghafla mtangazaji akaanza kuzama kama mtu anayetembea kuelekea mwisho wa ukumbi mrefu, hadi ukabaki mvumo mtupu. Nikadhani betri zimekwisha. Nilipofungua grafu ya eksirei nikakuta mstari umesimama wima.

Wa pili ni chembe, hasa protoni, zinazorushwa kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Hufika baada ya nusu saa au saa kadhaa, na zinaweza kuendelea kunyesha kwa siku nzima au zaidi.

Wa tatu ni wingu: mabilioni ya tani za plazma zinazong'oka kutoka korona, yaani anga la nje la jua, zikiwa zimebeba sumaku yake yenyewe. Kwa kawaida wingu hilo husafiri siku moja hadi nne. Hilo ndilo linaloleta dhoruba ya sumaku.

Vitatu hivi havilazimiki kuandamana. Oktoba 2014 lilijitokeza kundi la madoa lililopewa namba 12192, kubwa kuliko yote yaliyokuwa yameonekana tangu 1990. Lilitoa milipuko sita ya daraja la juu kabisa, lakini karibu yote haikurusha wingu. Sumaku iliyokuwa juu ya kundi hilo ililiziba kama kifuniko. Waliosubiri dhoruba hawakuiona.

Herufi C, M na X zina maana gani?

Ni madaraja ya ukali wa eksirei kama zinavyopimwa na setilaiti za GOES zinazokaa juu ya ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi. Mpangilio ni A, B, C, M, X, na kila herufi ni mara kumi ya iliyoitangulia. Namba inayofuata herufi ni ya kuzidisha: M5 ni mara tano ya M1, na X1 ni mara kumi ya M1. Herufi X haina kikomo cha juu. Tarehe 4 Novemba 2003 mlipuko ulikuwa mkali hadi vipimo vikajaa na kushindwa kuhesabu. Baadaye ulikadiriwa kuwa X28.

Milipuko ya C ni ya kila siku jua linapokuwa na shughuli nyingi, na hakuna haja ya kuihangaikia. M huweza kusumbua redio kidogo. Kuanzia X1 watu wa mawasiliano ya ndege na meli huanza kuhisi.

Nani analitazama jua, na kwa vyombo gani?

Kituo kinachotajwa zaidi ni SWPC cha Marekani, kilichoko Boulder, Colorado, ambacho hakifungwi usiku wala mchana. Idara ya hali ya hewa ya Uingereza ina kituo chake tangu 2014. Brussels wanatunza hesabu rasmi ya madoa ya jua. Afrika Kusini ina kituo cha saa 24 mjini Hermanus, na hapo pia pana kituo kikongwe cha kupima sumaku ya dunia.

Vyombo vyenyewe ni vya kusisimua. SDO, setilaiti ya Marekani iliyorushwa Februari 2010, hupiga picha za jua kwa rangi ambazo macho yetu hayazioni, na mchana wowote unaweza kuona matao ya plazma yakipinda juu ya madoa. SOHO ilirushwa Desemba 1995. Ndani yake mna darubini yenye kisahani kinachoziba uso wa jua ili korona hafifu ionekane, kama mwezi unavyofanya wakati wa kupatwa kwa jua. Darubini za namna hiyo ndizo zinazotuonyesha mawingu yakitoka. Wingu linalokwenda kando huonekana kama kitanzi upande mmoja. Linalokuja kwetu huonekana kama pete inayotanuka pande zote za kisahani, na pete hiyo ndiyo inayomfanya mtabiri akae wima kwenye kiti. Hata hivyo wingu linalokwenda kinyume, upande wa pili wa jua, nalo hutoa pete ile ile, hivyo ni lazima kukagua kama mlipuko ulitokea upande wetu.

Kisha kuna walinzi wa mbele. Kilomita milioni 1.5 kutoka duniani kuelekea jua, mahali panapoitwa L1, chombo kinaweza kukaa bila kuhangaika sana kwa sababu mvuto wa jua na wa dunia umepatana nacho. ACE iko huko tangu ilipofika baada ya kurushwa 1997, DSCOVR ilifuata 2015, India ikapeleka Aditya-L1 iliyofika Januari 2024, na Septemba 2025 Marekani ikarusha SWFO-L1. Hawa hupima upepo wa jua, yaani plazma inayotiririka kutoka kwenye jua wakati wote, unapowapita kabla haujatufikia.

Mtabiri akiingia zamu anaanzia wapi?

Huanza na madoa. Anatazama ramani ya sumaku ya uso wa jua, ambapo upande mmoja wa sumaku huchorwa mweupe na wa pili mweusi. Kundi lenye weupe mahali pake na weusi mahali pake ni tulivu. Akiona weupe na weusi vimeingiliana, tena vimebanana ndani ya doa moja, analiita kundi hilo delta, na hapo tahadhari hupanda. Makundi yaliyotoa milipuko mikubwa ya Mei 2024 yalikuwa ya aina hiyo. Kundi namba 3664 lilikuwa na upana wa takriban dunia 15 zilizopangwa mstari mmoja.

Anaangalia pia kundi liko wapi usoni mwa jua. Likiwa ukingo wa mashariki ndio kwanza linaingia, na litakaa likitutazama kwa wiki mbili. Likiwa katikati, au limesogea kidogo magharibi, lolote litakalorushwa lina nafasi kubwa ya kutupata. Kisha hupitia grafu ya eksirei, ya protoni, picha za korona, na vipimo vya L1. Mwisho huandika asilimia.

Je, mlipuko unaweza kutabiriwa kabla haujatokea?

Kwa uwezekano tu. Taarifa itasema kwa mfano kuna asilimia 30 ya mlipuko wa X ndani ya saa 24. Maana yake ni kwamba tukikusanya siku kumi zenye hali kama hiyo, takriban tatu kati yake zitatoa mlipuko huo. Ukipita siku bila mlipuko, mtabiri hakudanganya. Kinachokosekana ni kipimo cha sumaku ndani ya korona yenyewe: tunaipima vizuri kwenye uso wa jua, lakini kukatika kwa mistari kunatokea juu ya uso huo. Ni kama kutabiri kukatika kwa kamba ilhali unaona ncha zake mbili tu. Programu za kompyuta zinazojifunza zenyewe kutokana na data zinatumika siku hizi na zinasaidia, lakini bado hakuna anayeweza kukupa saa.

Wingu limeshatoka. Litafika lini?

Hesabu ya haraka unaweza kuifanya mwenyewe. Jua liko kilomita milioni 150. Wingu la kilomita 400 kwa sekunde lingechukua zaidi ya siku nne. La kilomita 2,000 lingechukua saa 21 hivi. Lile la 1859 lilifika kwa takriban saa 17 na nusu.

Njiani mambo hubadilika. Wingu la kasi husukumana na upepo wa jua na kupungua mwendo, la polepole hubebwa na upepo na kuongeza. Likitanguliwa na wingu jingine hukuta njia imesafishwa, na linaweza kulifikia la mbele na kulimeza. Watabiri hutumia mfano wa kompyuta uitwao WSA-Enlil, na makosa ya kawaida ya muda wa kufika ni kama saa kumi kabla au baada. Kwa hiyo ukisoma kuwa dhoruba inatarajiwa Jumamosi mchana, jipe nafasi ya kuanzia Jumamosi alfajiri hadi karibu na usiku wa manane.

Kwa nini basi utabiri wa dhoruba hukosea mara nyingi hivyo?

Hapa ndipo penye moyo wa suala lote.

Dunia ina sumaku yake, na upande unaolitazama jua mistari yake huelekea kaskazini. Wingu linapofika, sumaku yake nayo ina mwelekeo. Ikielekea kaskazini, sawa na ya dunia, ngao yetu hubaki imefungwa; wingu hupita, ngao hutikisika kidogo, basi. Ikielekea kusini, mistari miwili iliyo kinyume huungana, ngao hufunguka, na nishati huingia kwa saa nyingi. Wingu moja, kasi moja, uzito mmoja: mwelekeo ndio unaotenganisha usiku wa kawaida na dhoruba ya kihistoria.

Watabiri huita kipimo hicho Bz. Kikiwa juu ya sifuri ni kaskazini, kikiwa chini ya sifuri ni kusini. Na hatuwezi kukisoma kwa mbali. Darubini inaonyesha umbo la wingu, kasi yake na upana wake, lakini sumaku iliyo ndani haionekani mpaka wingu likipitie chombo chenyewe pale L1. Kutoka hapo hadi duniani, upepo wa kilomita 400 kwa sekunde huchukua saa moja, na wa kilomita 1,000 huchukua dakika 25. Huo ndio muda wa onyo la uhakika tulio nao.

Jioni ya Ijumaa tarehe 10 Mei 2024 nilikuwa mbele ya grafu hizo. Siku moja kabla, Boulder walikuwa wametoa tahadhari ya G4 (ngazi ya nne kati ya tano za ukali wa dhoruba), ya kwanza tangu Januari 2005, kwa kuwa mawingu kadhaa yalikuwa yakifuatana kutoka kundi 3664. Mstari wa kasi ukapanda ghafla, na ule mwekundu wa Bz ukaanza kuyumba juu na chini kama sindano isiyojua pa kusimama. Kisha ukateremka. Ukateremka tena, ukakaa huko chini. Kabla ya siku kwisha kwa saa za UTC, yaani saa ya pamoja ya kimataifa, kiwango kilikuwa kimefika G5, cha kwanza tangu Oktoba 2003, na nuru za aurora, zile za rangi zinazowaka angani usiku karibu na ncha za dunia, zikaonekana hadi Mexico.

Ulinganishe na Januari 2014. Tarehe 7 ulitokea mlipuko wa X1.2 karibu na katikati ya uso wa jua, wingu lake likawa la kasi sana, na onyo la dhoruba kali likatolewa. Wingu likapindishwa njiani na sumaku ya jirani, likatupitia pembeni, na dunia ikalala salama. Waliotoa onyo walifanya kazi yao sawasawa kwa walichokuwa wanakiona.

Mfano wa tatu ni wa Oktoba 2024. Tarehe 3 ulitokea mlipuko wa X9.0, mkubwa kuliko mingine iliyokuwa imetokea katika mzunguko huu wa shughuli za jua, ambao huchukua miaka 11 hivi, na vichwa vya habari vikajaa. Tarehe 9 ukatokea wa X1.8 tu. Huu mdogo ndio ulioleta dhoruba ya G4 siku iliyofuata. Ule mkubwa haukufika hapo.

Kp ni nini, na G1 hadi G5 zinatokana na nini?

Kp ni kipimo cha mtikisiko wa sumaku ya dunia kwa kila saa tatu, kuanzia 0 hadi 9. Hukokotolewa kutoka vituo 13 vya ardhini, na kinatunzwa na taasisi ya GFZ mjini Potsdam, Ujerumani. Aliyekianzisha, 1949, ni mwanasayansi Julius Bartels. Kp 5 ni G1, dhoruba ndogo. 6 ni G2. 7 ni G3. 8 ni G4. 9 ni G5.

Kuna ngazi nyingine mbili zinazofanana na hiyo: R ni ya kukatika kwa redio kutokana na eksirei, S ni ya mvua ya protoni. Kwa hiyo tangazo la R3 halisemi lolote kuhusu dhoruba ya sumaku. Na kumbuka saa za grafu zote ni za UTC.

Dhoruba inaweza kuja bila mlipuko?

Inaweza, na huja mara nyingi. Korona ina sehemu ambazo mistari ya sumaku imefunguka kuelekea nje, na kwenye picha huonekana kama mabaka meusi. Upepo wa kasi hububujika kutoka kwenye matundu hayo. Kwa kuwa jua hutugeukia upya kila siku 27 hivi, tundu lililotuletea dhoruba ndogo mwezi huu linaweza kuileta tena mwezi ujao karibu na tarehe inayokadirika. Huu ndio utabiri rahisi kuliko wote. Dhoruba pia huwa nyingi zaidi karibu na Machi na Septemba, usiku na mchana vinapolingana, kwa sababu ya jinsi dunia inavyoinama mbele ya upepo wa jua wakati huo.

Walio karibu na ikweta wako salama?

Kwa mitambo ya umeme, hatari yao ni ndogo kuliko ya walio karibu na ncha. Lakini anga la ikweta lina ukorofi wake. Juu ya ikweta ya sumaku hupita mkondo mkali wa umeme wakati wa mchana, ambao vituo kama vya Huancayo nchini Peru na Addis Ababa nchini Ethiopia vimekuwa vikiupima kwa miongo mingi. Na jua likishatua, ayonosfea ya ukanda huu hutoa mapovu ya plazma yanayopanda juu kama mapovu ya maji yanayochemka. Ishara ya setilaiti ikipita humo hucheza na kukatikakatika. Mpima ardhi anayetegemea GPS ya usahihi wa sentimita anaweza kukuta kifaa kinakataa kutulia saa mbili au tatu baada ya magharibi, hata siku isiyo na dhoruba yoyote. Dhoruba ikija huweza kuyachochea mapovu hayo, au kuyazima.

Umeme utakatika?

Ulishawahi kukatika. Alfajiri ya tarehe 13 Machi 1989 gridi ya Quebec, Canada, ilianguka ndani ya sekunde 90 hivi, na watu wapatao milioni 6 wakakaa gizani kwa takriban saa tisa. Sumaku ya dunia ikitikisika kwa kasi huzalisha mkondo ardhini. Pale penye mwamba mgumu usiopitisha umeme vizuri, mkondo huo hutafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni nyaya ndefu za gridi. Unaingia kupitia waya wa ardhi wa transfoma, na transfoma iliyotengenezwa kwa umeme unaogeuka hulishwa mkondo karibu usiogeuka. Chuma chake hujaa sumaku, hupata joto, hutetemeka na kuvuruga gridi. Oktoba 2003 Malmö, Sweden, nako umeme ulikatika kwa muda mfupi.

Waendeshaji wa gridi walijifunza. Wakipata onyo hupunguza mzigo, huahirisha matengenezo na kuweka akiba tayari. Dhoruba ya Mei 2024 haikuleta giza kubwa popote.

Na simu, intaneti na setilaiti?

Simu yako yenyewe haidhuriki. Nyaya zake ni fupi mno. Kinachoguswa ni huduma zinazotegemea setilaiti. Mei 2024, katikati ya msimu wa kupanda, wakulima wa Marekani wenye matrekta yanayojiendesha kwa GPS walilazimika kusimama kwa sababu mistari ya kupandia ilikuwa inapotea.

Setilaiti zenyewe hukabiliwa na jambo ambalo wengi hawalitarajii: hewa. Dhoruba hupasha joto anga la juu, linavimba, na setilaiti za chini hukuta hewa nzito inayozivuta. Tarehe 3 Februari 2022 zilirushwa setilaiti 49 za intaneti za Starlink hadi kimo cha chini cha muda, na dhoruba iliyofuata ilikuwa ndogo tu. Setilaiti 38 zilirudi na kuungua angani. Hii ndiyo sababu huwa sipendi kusikia G1 ikiitwa si kitu.

Abiria wa ndege na wanaanga je?

Chini hapa, hewa na sumaku ya dunia vinatukinga na mvua ya protoni. Ndege zinazopita karibu na ncha hupata mionzi zaidi na hupoteza redio, hivyo hubadilishiwa njia. Tangu Novemba 2019 usafiri wa anga wa kimataifa una mfumo rasmi wa kupokea taarifa hizi. Wanaanga wanaotoka nje ya ngao ya dunia ndio wenye hatari halisi. Agosti 1972 ilitokea mvua kali sana ya chembe, kati ya safari ya Apollo 16 ya Aprili na Apollo 17 ya Desemba. Kama watu wangekuwa njiani kwenda mwezini wiki ile, wangepata kipimo cha kuwaumiza vibaya. Dhoruba hiyo hiyo ililipua mabomu ya baharini ya sumaku yaliyotegwa na jeshi la majini la Marekani pwani ya Vietnam.

Milipuko huleta matetemeko ya ardhi, joto kali au kuumwa kichwa?

Tetemeko, hapana, hakuna uhusiano uliothibitishwa. Joto la siku, hapana. Kuumwa kichwa, usilisingizie jua lililolipuka, mwone daktari.

Nimepokea ujumbe kwamba dunia itakuwa gizani siku tatu. Ni kweli?

Si kweli, na nakuomba usiusambaze. Mlipuko wa jua huongeza mwanga wake, hauuzimi. Ujumbe wa namna hiyo una dalili zake: hautaji namba ya kundi la madoa, hautaji kiwango cha G wala R, na unatoa tarehe ya wiki au miezi ijayo. Wingu la kasi linatoka na kufika ndani ya siku nne. Yeyote anayekupa tarehe ya dhoruba ya mwezi ujao na kudai ni kubwa kuliko zote, hana anachokijua.

Kubwa kuliko zote ilikuwa ipi?

Kati ya zilizoshuhudiwa na vyombo, ya Septemba 1859. Tarehe 1, Richard Carrington alikuwa Uingereza akichora madoa ya jua kwenye picha iliyoangushwa na darubini yake, akaona vidonge viwili vya mwanga mweupe vikiwaka juu ya kundi alilokuwa akilichora. Richard Hodgson aliviona pia, mahali pengine. Siku iliyofuata waya za telegrafu, yaani simu za maandishi, zilibeba mkondo mwingi hivi kwamba baadhi ya waendeshaji walichomoa betri na kuendelea kutuma ujumbe kwa umeme wa dhoruba yenyewe.

Miti inakumbuka makubwa zaidi. Mwaka 2012 Fusa Miyake na wenzake wa Japani walionyesha kuwa pete za miti za miaka ya 774 na 775 zina ongezeko la ghafla la kaboni-14, aina ya kaboni inayozalishwa chembe kali zinapopiga hewa, ambalo wanasayansi wengi wanalihusisha na mvua ya chembe kutoka kwenye jua, kali kuliko yoyote tuliyowahi kuipima.

Naweza kutazama mwenyewe?

Unaweza, ila usilielekezee jua jicho tupu, miwani ya kawaida, darubini wala kamera isiyo na kichujio maalumu. Jicho huungua bila kuuma. Miwani halali ya kupatwa kwa jua inatosha kuona madoa makubwa. Lile kundi la Mei 2024 lilionekana hivyo bila darubini. Kama huna, tazama picha za SDO za leo, kisha fungua grafu ya eksirei, kisha Bz. Ukiwa na redio ya masafa mafupi, chagua kituo kimoja cha mbali, kisikilize mchana kila siku, na uandike kwenye daftari saa na ubora wa sauti pamoja na daraja la mlipuko wa siku hiyo. Baada ya mwezi utaanza kutambua mlipuko wa M kwa sikio.

Onyo litaboreka miaka ijayo?

Kwa kiasi. Ulaya inaandaa chombo kiitwacho Vigil, kinachopangwa kurushwa 2031 kwenda kukaa L5, mahali kitakapoliona jua kwa ubavu. Kitayaona madoa siku nne hadi tano kabla hayajatugeukia, na kitayaona mawingu yakija kwetu kwa upande, ambapo kasi hupimika vizuri kuliko kwenye pete. Kuhusu Bz, jawabu ni kuweka mlinzi mbele zaidi ya L1. Hilo lilijaribiwa kwa bahati njema Machi 2022: chombo cha utafiti wa jua kiitwacho Solar Orbiter kilikuwa kikipita kwenye mstari kati ya jua na dunia, karibu nusu ya njia, mawingu mawili yakakipitia, na vipimo vya sumaku vikapatikana zaidi ya siku moja kabla mawingu hayajafika hapa. Kisha chombo kikaendelea na safari yake, na mahali pale pakabaki patupu.